Naomba ushauri: ada ya leseni kwa wavuvi wa migono, mto Kilombero

Wakuu, salaam. Huku mto Kilombero wazee wetu bado wanavua kambale na perege kwa migono (mitego ya samaki) ya kusuka na mitumbwi ya gogo. Shida ni ada. Leseni ya mvuvi na ya chombo zimepanda tena, na mwenye migono anatozwa sawa na mwenye nyavu na injini. Vijana wengi wameshaacha. Tumelalamika kwa diwani na kupitia BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi), tunajibiwa kuwa sheria ndogo ndiyo imesema (nakala yenyewe hatujaonyeshwa!).

Naomba kujua: halmashauri inaweza kuweka ada nafuu kwa zana za asili, au mpaka Kanuni za Uvuvi za 2009 zibadilishwe wizarani? Na kuna BMU ya mtoni iliyowahi kukata leseni kwa kikundi? Walianzia wapi?