Wakuu naombeni ushauri, supavaiza wangu wa Kichina kabadilika ghafla, sijui nimekosea wapi

Msomi wa Mbali:
Habari za muda huu wakuu. Huwa nasoma tu humu, leo nimekwama na sina wa kumwambia maana Watanzania huku tunajuana. Nipo Wuhan nasoma masters kwa skolashipu ya serikali yao, mwaka wa pili.

Mwaka jana supavaiza wangu, huku tunamwita laoshi, alinichukulia kama mtoto wake. Sikukuu ya mwaka mpya wao alinialika nyumbani kwake, mama yake mzee aliposikia natoka Tanzania akaanza Tansangniya, Tansangniya, kumbe kaka yake alikuja kujenga reli ya TAZARA, akanishika mkono hakuuachia mpaka chakula kinatengwa. Tukakaa wote mezani tunakunja jiaozi, yaani kama sambusa ndogo za kuchemsha, zangu zikawa zinapasukia kwenye sufuria na yule bibi anazichota anakula yeye ili nisione aibu.

Toka mwezi wa kumi mambo sio hayo. Wenzangu wa maabara wakienda kula hawaniiti. Nikiomba zamu ya mashine naambiwa bu fangbian, yaani haiwezekani kwa sasa, itawezekana lini hawasemi. Kwenye grupu la WeChat nikituma kitu kimya. Wiki iliyopita laoshi kaniita ofisini, nikajua leo naambiwa kosa langu, kumbe kanipa chupa mpya ya chai, ile ya chuma, akasema baridi imeingia, Jumamosi ukiwa unasafiri mbali na basi beba maji ya moto, afya ndo kila kitu. Basi, nikasema asante nikatoka.

Sasa huyu mtu ananipenda au ananichukia? Nafikiria kuomba wanibadilishie supavaiza. Mlioishi na Wachina mnawawezaje?

Mzigo wa Kontena:
Mkuu Mchina hana shida, shida lugha. Mimi Guangzhou nimeenda mara 6, nafikia Xiaobei, nafunga mzigo kwa kikokotoo tu, anaandika bei nafuta naandika yangu, anafuta, mpaka tunacheka wote. Jifunze lugha.

Msomi wa Mbali:
Lugha naongea mkuu, nina HSK 4, ule mtihani wao wa Kichina. Maneno nayaelewa yote, ndo maana nachanganyikiwa.

Mama Wawili:
Pole mwanangu. Unakula vizuri lakini? Wa kwangu alisoma Harbin, alikonda mpaka nikalia nilipomuona kwenye video, akaja kuokolewa na tambi za nyama za Waislamu wa Lanzhou, hizo mikahawa ipo kila mji. Usibadilishe mwalimu. Mtu anayekupa chombo cha kunywea hakuchukii.

Mlinzi wa Imani:
Vijana mkifika ughaibuni mnaacha kusali mambo yakiharibika mnatafuta ushauri mitandaoni. Anza na magoti kwanza.

Mzee Mlimba:
Hapo kwa bibi umenikumbusha mbali. Baba yangu alifanya kazi na Wachina wakati reli inajengwa, 1970 mpaka 75, kilomita 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi. Alikuwa anasema Mchina hakugombezi mbele za watu. Ukigonga msumari vibaya haongei kitu, anakuja anaung'oa, anaugonga upya taratibu huku unaangalia, halafu anakurudishia nyundo. Baba alisema ile nyundo ukirudishiwa ni nzito kuliko tusi. Wengine mpaka leo wamelala kwenye makaburi yao pale Gongo la Mboto, hawakurudi kwao.

Bint Pangani:
Ngojeni kwanza, mbona wote mmepita juu juu. Laoshi kasema JUMAMOSI ukiwa unasafiri na basi. Kajuaje? Unaenda wapi Jumamosi kaka?

Msomi wa Mbali:
Dada hayo mambo yangu binafsi, hayahusiani na masomo. Nimeuliza kuhusu utamaduni.

Bint Pangani:
Sawa. Jumamosi maabara yenu huwa wanafanya nini?

Msomi wa Mbali:
Kuna kikao cha maabara, kila mtu anaonyesha alichofanya wiki nzima.

Bint Pangani:
Na wewe unakuwa kwenye basi.

Msomi wa Mbali:
Ok ngoja niseme maana naona mnanibana. Toka mwezi wa tisa mwishoni kuna sehemu nafundisha watoto Kiingereza, ni mbali kama saa moja na nusu na basi, wananilipa yuan 150 kwa saa, masaa manne nina 600 mkononi. Skolashipu ni yuan 3,000 kwa mwezi na mimi nina mdogo wangu form five nyumbani, baba hayupo, ada nalipa mimi, kwa hiyo msinihukumu. Laoshi nilimwambia Jumamosi naenda kusali na kanisa lipo mbali. Wanaoniajiri wanataka niwaambie wazazi natoka Afrika Kusini, ili waone Kiingereza ndo lugha yangu ya kuzaliwa, nimekubali, sio kwamba nafurahia. Nikirudi usiku nakaa nimeegemea bomba la joto pale chumbani mpaka vidole vifunguke ndo naanza kusoma, kwa hiyo kazi nafanya, nyuma sipo. Na kila mtu anafanya huku, sio mimi peke yangu.

Mlinzi wa Imani:
Umeona sasa, na kanisa umelitia kwenye uongo.

Kaka Nanjing:
Dogo acha utamaduni tuongee sheria. Kibali chako cha kukaa ni cha masomo. Kufanya kazi nje ya chuo mpaka chuo kikubali na polisi wa uhamiaji waandike kwenye kibali. Bila hivyo ni ajira haramu, faini yuan 5,000 mpaka 20,000, ikionekana kosa kubwa unaongezewa mahabusu siku 5 mpaka 15, na wanaweza kukurudisha nyumbani. Na skolashipu yenyewe inapitiwa kila mwaka, chuo kinaulizwa mwenendo wako. Wa kujibu pale ni nani kama sio laoshi?

Msomi wa Mbali:
Najua kaka. Ila nimeshawaahidi mpaka mwezi wa kwanza na wananidai... yaani nawadai wiki tatu, nikiacha leo hiyo hela imekwenda. Ndo maana naona bora nibadili supavaiza, fomu nimeshaijaza, bado kusaini tu.

Kipara Ngoto:
Wakuu hii ni CHAI, stori ya kutunga. Mimi nimemaliza Wuhan, bwenini kwetu hakukuwa na bomba la joto hata la dawa. Joto la mabomba ni la kaskazini, ukishuka chini ya mto Huai mnajua wenyewe, tulikuwa tunalala na makoti na soksi mbili. Huyu bomba la joto kalitoa wapi? Mnamhurumia mtu yupo Mbagala kajifunika shuka.

Mzigo wa Kontena:
Duh. Na mimi nilishaanza kuingia huruma. Jibu mkuu.

Mama Wawili:
Jamani mwacheni mtoto aongee.

Msomi wa Mbali:
Sio Wuhan. Nipo mji wa kaskazini, Watanzania kwenye chuo chetu tupo wanne, ningetaja mji tu saa hiyo hiyo ningejulikana mpaka kwa mama yangu. Kwenye mji nimedanganya naomba radhi, mengine yote ni kweli tupu. Kama ningekuwa natunga ningejitunga vizuri kuliko hivi.

Kipara Ngoto:
Haya. Hapo nakuelewa, radhi na kwako.

Bint Pangani:
Mimi nilimwamini toka kwenye chupa, mtu hatungi chupa.

Kaka nisikilize. Sisi Pangani jirani akiudhika anajitanda kanga anapita mlangoni kwako, anakusalimia vizuri kabisa, maneno yapo mgongoni. Usiposoma ni juu yako. Laoshi kakupitishia kanga. Anajua huendi kanisani, pengine kuna mtu wa maabara kakuona huko, na wenzako wamechoka kukaa kwenye kikao ambacho wewe unaweza kukikimbia wao hawawezi. Yeye angeweza kukupeleka chuoni moja kwa moja. Badala yake kakuita peke yako, kafunga mlango, kakupa chombo cha moto. Ukisaini hiyo fomu atalazimika kueleza kwanini mmeshindwana, na hapo maneno yatatoka mgongoni yaje mbele.

Msomi wa Mbali:
Alifunga mlango kweli. Huwa anauacha wazi siku zote.

Kaka Nanjing:
Wiki tatu hizo zisamehe. Na ukienda kwake usianze kujieleza maneno mengi, sema tu Jumamosi nitakuwepo. Ada ya mdogo wako muulize kama kuna kazi ya usaidizi ndani ya chuo, hiyo inaombewa kibali.

Mzigo wa Kontena:
Mdogo wako yupo mchepuo gani? Nicheki inbox tuone hiyo ada ya muhula huu.

Msomi wa Mbali:
Yupo PCB kaka, nakuja inbox, nimekosa hata cha kusema.

Nimemtumia laoshi meseji kwamba Jumamosi naomba niwe wa kwanza kuonyesha kazi yangu. Kajibu neno moja, hao, yaani sawa. Sasa hivi grupu la maabara kuna mtu kauliza nani anataka zamu ya mashine Ijumaa usiku. Hakuna aliyejibu. Nimeandika mimi.