Kikao cha maendeleo ya Salma: gumzo la kikundi cha familia

Mama Salma: Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Nimetoka shuleni sasa hivi kwenye kikao cha maendeleo ya Salma, na kwa kuwa baba yake yuko safarini na wifi yangu amekuwa akiuliza tangu asubuhi, naona ni bora niandike hapa mara moja kuliko kumweleza kila mtu peke yake.

Baba Salma: Pole na foleni. Ripoti ilionyesha alama 38 katika Hisabati, nami nilikwisha kujiandaa kusikia yale ya mwaka jana, kwamba mtoto aongeze bidii.

Mama Salma: Safari hii neno hilo halikutamkwa kabisa. Mwalimu aliiweka ripoti kando, akaniuliza kwanza Salma huwaje anapofanya kazi za nyumbani. Nikamweleza kwamba kwenye kusoma hadithi hukaa hata saa nzima bila kuinua kichwa, lakini Hisabati huishia kwenye machozi. Akayaandika hayo, ndipo akafungua daftari. Penye swali la nusu kujumlisha theluthi, Salma alikuwa amejibu 2/5; ukurasa uliofuata kosa lilikuwa lilelile, kwa sababu hujumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, akidhani ndiyo kanuni. Salma mwenyewe alikuwa amekaa kati yetu. Mwalimu akamchorea mistatili miwili iliyolingana, akamwuliza kati ya nusu na 2/5 ipi kubwa. Akaitazama michoro, akacheka, akasema nusu. “Sasa nusu ikiongezewa kitu, itapunguaje?” Hatukuondoka mpaka alipoifikia 5/6 kwa mkono wake.

Baba Salma: Kumbe miezi yote hii nilikuwa namgombeza kwa uvivu.

Mjomba: Hongera kwa mpwa wangu. Lakini dada, usidhani vikao vyote viko hivyo. Mimi muhula uliopita nilikaa kwenye benchi saa mbili ili niambiwe kwa dakika tano, wazazi wengine wakisikia, kwamba mwanangu anapiga kelele darasani. Nilitoka na aibu tu, wala sikujua nifanye nini nyumbani. Tangu siku hiyo naona ripoti inanitosha.

Shangazi: Una haki ya kukasirika, na nakuambia hivyo kama mtu aliyefundisha miaka 31 na kuwatendea wazazi wengine vivyo hivyo kabla sijajirekebisha. Mzazi anaposikia jambo zito kwa mara ya kwanza siku ya kikao, kosa limefanyika wiki nyingi nyuma. Baadaye nilijizoeza kumwandikia kila mzazi mistari miwili mwanzoni mwa muhula, tena kuhusu jema nililoliona kwa mtoto wake, ili siku ya kikao tusikutane kama mshitaki na mshitakiwa. Joyce Epstein, mtafiti wa elimu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, aliyegawa ushirikiano wa familia na shule katika aina 6, anayahesabu mawasiliano kuwa mojawapo, na anataka yaende pande zote mbili: shule iseme, nyumba nayo isikilizwe. Ripoti haiwezi kukusikiliza.

Mjomba: Hilo la kusikilizwa ndilo lililokosekana.

Shangazi: Basi omba kikao kingine, cha faragha. Mwombe mwalimu akutajie kisa kimoja alichokiona kwa macho, kipindi gani na mtoto alikuwa ameketi na nani, kwa maana “anapiga kelele” ni hukumu, si taarifa. Mtoto naye awepo. Ila asifanywe mkalimani: niliwahi kumwachia mwanafunzi anitafsirie maneno kwa baba yake, na mzee yule aliondoka akinishukuru sana kwa sifa ambazo sikuzitoa.

Baba Salma: Dada, hapo umenichekesha. Mama Salma, mmekubaliana nini kwa hizi wiki zijazo?

Mama Salma: Maswali matatu kila jioni, yasizidi, na kila swali lichorwe kwanza. Ijumaa mwalimu atalipitia daftari na kuandika mstari mmoja, nami nitajibu chini yake. Baada ya wiki tatu tutazungumza kwa dakika kumi, na amekubali wewe uwepo kwa simu.

Baba Salma: Nitakuwepo.

Mjomba: Nimeandika hivi: “Mwalimu, naomba tukutane faraghani, pamoja na mwanangu, ili unieleze kisa kimoja ulichokiona, nami nikueleze jinsi alivyo nyumbani, maana kikao kilichopita kilikuwa kashfa.” Nitume?

Shangazi: Ishia kwenye “nyumbani,” kisha tuma.