Utando wa kuzuia mng'ao kwenye kioo cha saa: pande zote mbili au ndani tu?

Tishali_Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Kuna saa mbili za kuzamia nimezitolea macho, zote za Uswisi, zote zimeshavaliwa na watu, bei zimekaribiana na zote zina kioo cha safaya. Ya kwanza kioo chake kimepakwa utando wa kuzuia mng'ao juu na chini. Ukiishika pale dukani ni kama kioo hakipo, unaona uso mweusi na mishale basi. Ya pili imepakwa kwa ndani peke yake, na ukiiinamisha kidogo unaona taa za dari zimejaa humo.

Kazi yangu ni bandarini, kwenye tishali. Jua linapiga maji, maji yanakurudishia usoni mchana kutwa, kwa hiyo moyo umelala kwa ile ya kwanza. Kinachonitia wasiwasi ni saa ya jamaa yangu. Nayo imepakwa pande mbili, lakini ukiitazama kwa ubavu ina mistari kama imesuguliwa na mchanga. Naye aliponunua aliambiwa safaya haichubuki. Sasa hapo nani mkweli? Na hiyo mistari inafutika?

FundiSaa_Dar

Mkuu, wote wakweli. Safaya ya jamaa yako haijachubuka, kilichochubuka ni utando uliokaa juu yake.

Safaya kwenye kipimo cha Mohs ina ugumu wa 9, almasi ndiyo 10. Mchanga wa kawaida ni 7, kwa hiyo haukiwezi kioo. Lakini utando, mchanga unauweza. Saa kama hiyo ikija mezani kwangu naisogeza dirishani, naweka lenzi jichoni, naiinamisha mpaka ile rangi ya zambarau ya utando itokee. Mkwaruzo utauona hapo hapo: mstari mweupe, mwembamba, umepita katikati ya ile zambarau. Pitisha ukucha, haukwami popote, kwa sababu kioo chenyewe kizima. Utando umeng'oka pale tu, na pale ulipong'oka safaya inarudisha mwanga kwa nguvu zake zote, ndiyo maana mstari unawaka. Kioo kisichopakwa kabisa kingepata pigo lile lile usingeona kitu.

Kufutika, hapana. Unauondoa utando wote au unabadili kioo. Kuuondoa tunatumia krimu ya almasi laini, chembe zake za maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) au chini ya hapo, na kipande cha felti, kwa subira. Ile dawa ya meno ambayo kila mtu anaishauri ni ya vioo vya plastiki, kwenye safaya utasugua mpaka Idi.

Kwa mtu wa minyororo na kamba za meli, mimi nasema chukua ya pili. Utando wa ndani hauguswi na chochote mpaka siku saa itakapofunguliwa.

Halafu kabla hujatoa hela, usiamini maneno ya muuzaji kuhusu kilichopakwa na kisichopakwa. Simama chini ya taa ya tyubu, inamisha saa mpaka uone taa ndani ya kioo. Tazama vizuri, taa ziko mbili zimekaribiana: moja inatoka uso wa juu wa kioo, nyingine uso wa chini. Zote nyeupe kali, hakuna utando. Moja nyeupe na moja hafifu ya buluu au zambarau, umepakwa upande mmoja. Zote hafifu zenye rangi, pande mbili.

Lenzi_Arusha

Naongezea kidogo, mimi natengeneza miwani na haya ndiyo maisha yetu.

Safaya ni nzuri kwa ugumu lakini kwa mwanga ni mkorofi. Kila uso wake mtupu unarudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaoingia. Nyuso ziko mbili, kwa hiyo unapoteza kama asilimia 15. Kioo cha kawaida cha saa kinarudisha kama 4 kila uso, jumla 8 na kidogo. Sasa piga hesabu: safaya iliyopakwa ndani tu inabakiwa na ile 8 ya juu. Yaani iko sawa na kioo cha kawaida ambacho hakijapakwa chochote! Watu wanadhani wamenunua kitu kisichong'aa, kumbe wamerudishwa mahali kioo cha bei rahisi kilipokuwa tangu mwanzo. Ukitaka ile hali ya "kioo hakipo" lazima kipakwe pande zote mbili, hakuna njia ya mkato.

Ile zambarau nayo si uchafu wala si kasoro. Tabaka moja la magnesiamu floraidi, kemikali ya kupakia utando huu, lina unene wa nanomita 100 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na linapimwa ili lizime mwanga wa katikati, ule wa kijani, ambao jicho linauona zaidi. Buluu na nyekundu za pembeni zinabaki kidogo, zikichanganyika ndiyo zambarau. Jambo hili si geni: mwanafizikia Olexander Smakula alilipatia hataza akiwa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, mwaka 1935, kwa ajili ya lenzi.

Jambo moja fundi hajaligusa ni alama za vidole. Utando unafanya kazi kwa sababu juu yake kuna hewa. Ukipaka mafuta ya kidole hesabu inaharibika, mahali palipokuwa panarudisha chini ya asilimia 1 panarudisha 4 au zaidi. Dole gumba linaonekana pale kama limepigwa muhuri. Kwenye safaya tupu dole lile lile halikusumbui, maana kioo chote kinang'aa. Mtoa mada, wewe na mikono ya girisi, jiandae.

Mie_Muttrah

Mie niko Maskati, jua la huku mnalijua. Nina Omega Speedmaster ya kioo cha plastiki, haina utando wowote, na naisoma mchana bila tabu. Hesabu ya ndugu wa Arusha imenieleza kwa nini. Ikichubuka natia krimu, dakika chache imerudi.

Lakini fundi, mbona unamkatisha tamaa kijana? Umesema mwenyewe utando wa juu unaondoleka. Basi achukue ya kwanza, aifaidi, ikichoka asugue abaki na ya ndani. Ya pili haiwezi kugeuka ya kwanza hata afanyeje. Na kampuni ya saa ya Breitling miaka yote wanapaka pande mbili, wateja wao marubani na wapiga mbizi, mbona hawaachi?

FundiSaa_Dar

Sheikh wangu, hoja yako ina nguvu, sibishani nayo kwa mtu wa ofisini. Rubani naye mkono wake haushindi kwenye mnyororo. Na Rolex nao kwa miaka mingi waliacha kioo chao bila utando, wakapaka chini ya kile kilenzi cha kukuza tarehe tu, na hakuna aliyesema hawajui kazi. Kila nyumba na uamuzi wake.

Tatizo la "asugue" ni huo muda wa katikati. Utando hauchakai sawasawa. Unaanza ukingoni, karibu na pete inayozunguka, halafu madoa, halafu mistari. Mwenye saa anavumilia mwaka, anakerwa kila akitazama saa ngapi, mwisho anampelekea mtu yeyote mwenye mashine ya kung'arishia. Saa za kuzamia nyingi kioo kina kitumbo na pete imekikaba kwa kando, felti haifiki vizuri kwenye kona. Mwenye haraka anaongeza kasi, mpira wa kuzuia maji unapata joto. Kioo kinatoka safi kama machozi, saa inaingia maji mwezi ujao. Nimefungua nyingi za hivyo, mashine ndani imeota kutu ya chumvi.

Akipata fundi mtulivu, na saa ikapimwa presha baadaye kuona kama haiingizi maji, sina neno.

Tishali_Tanga

Wakuu nimerudi dukani leo na hesabu ya taa ya tyubu. Ya pili iko kama ilivyosemwa: taa moja nyeupe, moja zambarau imefifia.

Ya kwanza ndiyo imenishangaza. Katikati taa zote mbili zambarau, safi kabisa. Nikiisogeza kuelekea namba 6, ile taa ya juu inageuka nyeupe, halafu ukingoni kabisa zambarau inarudi. Doa lenyewe ni kama ukubwa wa kidole kidogo, na kwa macho ya kawaida hulioni. Muuzaji anasema ni mwanga wa duka.

FundiSaa_Dar

Si mwanga wa duka. Hapo pameshasuguliwa, mtu alikuwa anafukuza mkwaruzo mmoja akaacha kisiwa. Saa yenyewe inaweza kuwa nzima, ila muulize nani alisugua, kwa mashine au kwa mkono, na ilipimwa presha baada ya hapo au la. Kama hana jibu, bei aliyotaja toa gharama ya kioo kipya cha pande mbili, mpira mpya na kupima presha. Akikubali, ichukue hiyo hiyo ya kwanza, sitakugombeza. Akikataa, ya pili bado ipo.

Lenzi_Arusha

Na ukiichukua, chumvi ya bahari ioshe kwa maji yasiyo na chumvi na sabuni ya mkono kabla hujagusa kitambaa. Kufuta chumvi kavu kwa pindo la shati ndiko kunakomaliza hizi tando, kuliko hata hiyo minyororo.