Chesisi ya Canter imepasuka tena pembeni ya weldi, nichome au nibadilishe?

Mwana_Kirumba
Wakuu habari za mda huu. Nina kicanter changu cha tani tatu na nusu, napiga nacho mzigo kutoka Mwaloni Kirumba kwenda Kahama, dagaa na kayabo (samaki wa chumvi), kurudi napata mchele nikibahatika. Mwezi wa pili chesisi ilipasuka upande wa kulia karibu na hanga, yaani kishikio cha springi ya nyuma, fundi akaichoma akabandika na pleti juu, nikalipa nikasahau. Juzi tingo anabadilisha tairi akaniita bosi njoo uone, ufa mwingine umeanza pale pale pleti inapoishia, mrefu kama vidole vitatu. Nimerudi kwa fundi anasema ile pleti ilikuwa nyembamba, tuweke ya milimita 10 na tuizungushie weldi pande zote. Roho inasita. Nitoe hela tena au nitafute chesisi ya mtumba? Nawasilisha.

kahawa_chungu
Uza mkweche huo kabla haujakuacha njiani pale Mabuki usiku.

FundiMzee_Nyakato
Kijana pleti ya milimita 10 usikubali. Chesisi kazi yake ni kunepa, gari ikipita kwenye shimo inanepa inarudi, mara elfu kwa elfu, na chuma huchoka hivyo hivyo kama waya unavyoukunja na kuukunjua mpaka unakatika wala hujauvuta. Sasa ukibandika pleti nene kipande hicho kinakakamaa, kunepa kote kunahamia pale pleti inapokomea, na hapo hapo fundi wako nina uhakika kapiga weldi ya wima toka juu mpaka chini. Pembeni mwa weldi ndo panaanzaga ufa siku zote. Ukiongeza unene utauhamisha tu.

Mwana_Kirumba
Daah mzee umeiona gari nini, weldi ni ya wima kweli. Na hata ile midomo ya juu na chini ya chesisi, zile kingo zilizokunjwa, kaichomea.

FundiMzee_Nyakato
Hiyo midomo ndo inabeba nguvu kubwa kuliko sehemu yoyote, haichomewi hovyo wala haitobolewi. Kazi inaenda hivi, ng'oa pleti yote, toboa katundu ka milimita 6 kwenye ncha ya ufa usiendelee kutembea, piga grenda ufa wote uwe kama V, jaza weldi mpaka ndani halafu isawazishe na grenda. Pleti mpya unene usizidi wa chesisi yenyewe, ncha zake zikatwe mshazari au mdomo wa samaki, ifungwe kwa bolti ubavuni. Rodi ya kuchomea iwe ya aina ya 7018 iliyokaushwa, sio zile za kuchomea mageti zimekaa wazi zinavuta unyevu wa ziwa. Na nyaya za betri zifunguliwe kabla ya kuanza kuchoma, alteneta zinakufa bure watu wanalia. Yubolti, zile bolti za kubana springi kwenye ekseli, umeziangalia lini?

Mama_Kayabo
Mie sio fundi ila nauliza, kayabo ikiwa haijakauka inachuruzika maji ya chumvi, hayo maji kwenye bodi yako yanatokea wapi?

Mwana_Kirumba
Mama shikamoo. Nimeenda kuchungulia sasa hivi. Tundu la kutolea maji liko juu ya hanga ya kulia kabisa 😩

FundiMzee_Nyakato
Mama kapiga penyewe, mie nilikuwa nawaza springi tu. Ziwa letu maji baridi halina neno, ila chumvi ya kayabo inachimba vishimo kwenye chuma na kila kishimo ni mlango wa ufa. Chuma kikiwa kikavu ukikipa mzigo mdogo kinaweza kisichoke kabisa, kikilowana chumvi kinachoka hata kwa mzigo mdogo. Halafu hayo maji yakishaingia kati ya pleti na chesisi hayatoki, kutu inavimba inasukuma pleti. Weka mpira uyapeleke pembeni, na hiyo tani tatu na nusu ni kweli au ya kwenye karatasi? Weldi ukiibebesha mzigo mara mbili umri wake unabaki kama sehemu moja ya nane.

Mwana_Kirumba
Tano mzee. Siku nyingine tano na kitu.

kahawa_chungu
Nilisema.

Mwana_Kirumba
Mrejesho wakuu. Tumesugua mpaka chuma cheupe, tukapaka mafuta ya taa, tukafuta tukapiga chaki ya shule kama fundi mmoja wa Mabatini alivyoshauri, mafuta yakatoka na kuchora mstari. Upande wa kushoto pia ufa upo, mwembamba kama unywele, na yubolti mbili zimelegea. Gari nimeliegesha, mzigo wa kesho nimempa jamaa mwenye Fuso. Mzee wabheja (asante) sana, naomba nikuletee gari Nyakato wiki hii, na mama hiyo mifuko yako sita bado iko kwangu salama, haijalowa.