Filamu ya mapenzi: VJ aseme au anyamaze?

Mleta mada, Bombo:
Ndugu zangu, Jumamosi nilimpeleka mdogo wangu kibandani kutazama The Fault in Our Stars. Filamu ni ya 2014, lakini vibanda vyetu vya video hapa Uganda havijali tarehe. Riwaya yake, ya John Green, niliisoma nikiwa sekondari. Nakala ilikuwa moja, tukaipokezana bweni zima hadi jalada likang'oka. Hazel, yule msichana wa miaka 16 mwenye saratani iliyofika mapafuni, namjua kama mtu tuliyelala chumba kimoja.

Kuna pale Amsterdam, kwenye nyumba alimojificha Anne Frank, yule binti Myahudi aliyewakimbia Wanazi. Ngazi ni kali. Hazel anapanda na mtungi wake wa oksijeni, pumzi zinamkatika, anakataa kurudi chini. Huko juu ndiko anakombusu Augustus, kijana anayempenda. Kitabuni niliisoma sehemu ile nikihema naye. Kibandani VJ, yule anayetutafsiria filamu kwa kusimulia juu ya sauti yake, aliijaza maneno tangu ngazi ya kwanza: mara mtungi ni wa gesi ya kupikia, mara binti anakimbilia kwa ssenga, shangazi yake, akafundwe mambo ya ndoa. Watu wakacheka. Mdogo wangu akacheka. Mimi machozi yalinilenga, na si kwa sababu ya Hazel.

Filamu za vita na karate atafsiri apendavyo. Lakini hadithi kama hii, je, ana haki ya kuongea juu ya kimya chake? Mimi nasema hana.

Fundi simu, Kisenyi:
Pole dada, ila sikubaliani nawe. Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Filamu hiyo hiyo aliitazama kwa sauti ya VJ. Bila yeye angeona Wazungu wawili wanapanda ngazi, basi. Tena wewe uliyesoma, umesahau anayesimulia kitabu ni nani? Hazel mwenyewe, toka ukurasa wa kwanza. Filamu imembakizia sauti hapa na pale tu. VJ anarudisha msimulizi aliyeondolewa.

Msomaji, Arua:
Mbona filamu yenyewe hamuilaumu? Caroline, msichana aliyekuwa na Augustus kabla ya Hazel, akafa, kwenye filamu hayumo kabisa. VJ alikuta nyama imeshakatwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Mbale:
Jina la kitabu lina asili yake katika Julius Caesar ya Shakespeare, Cassius anapomwambia Brutus kwamba kosa si la nyota zetu, ni letu wenyewe tuliokubali kuwa wanyonge. Green kaligeuza: wapo watoto ambao kosa ni la nyota kweli. Tamthilia hiyo Nyerere, aliyesoma hapa hapa Makerere, aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka 1963. Hakuridhika. Akairudia, na tafsiri iliyosahihishwa ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. VJ anasema mara moja, diski inaingia sokoni, hakuna wa kurudi kusahihisha. Simwambii anyamaze. Namwomba asome kitabu kabla ya kushika maikrofoni.

Mleta mada, Bombo:
Kaka wa Kisenyi, hoja ya msimulizi imenishika, sikuwa nimeifikiria. Lakini sikiliza. Kitabu kile kina utani mwingi, na mwingi unatoka vinywani mwa wagonjwa wenyewe. Hazel anaitania mashine yake ya oksijeni ya nyumbani, ameipa hata jina, Philip. Augustus, aliyekatwa mguu, anautania mguu wake wa bandia. VJ ni mtu mzima mwenye mapafu yake mawili, anamcheka Hazel. Hayo hayafanani hata kidogo. Msimulizi akirudi, arudi na huruma ya yule binti.

Muuguzaji, Mulago:
Nimekaa na mama mdogo miezi minne kwenye taasisi ya saratani. Wodini tulicheka sana. Mgeni akianza yeye kucheka, kicheko kilikatika.

Mleta mada, Bombo:
Hicho ndicho nilichoshindwa kukisema. Kaka wa Kisenyi, mama yako aliambulia nini pale kwenye ngazi?

Fundi simu, Kisenyi:
Nimemwuliza sasa hivi. Anasema mtoto alitaka kufika juu kwa miguu yake mwenyewe. Habari za gesi na ssenga hazikumbuki.

Mleta mada, Bombo:
Mwambie nimemsikia, na namsalimu. Bado zile ngazi nataka ziachwe kimya. Wengine mnasemaje?