MREJESHO: Urefu wa risasi zangu za .30-06

Wakuu, niliuliza kwa nini risasi za .30-06 (saizi ya risasi za bunduki ya kuwindia) ninazojaza upya huku Montana, Marekani, kwa ajili ya kuwinda kulungu zinapishana urefu hadi milimita 0.4, ilhali sijaigusa skrubu ya mashine inayosukuma kichwa (kile kipande kinachoruka ukifyatua) ndani ya ganda. Jibu nimelipata.

Nilikuwa napima kuanzia kitako hadi nchani. Vichwa ninavyotumia vina ncha laini ya madini ya risasi, na ncha hizo hubonyea hata zikiwa ndani ya boksi. Mashine yenyewe haisukumi ncha. Inakandamiza sehemu iliyo chini kidogo ya ncha, kwenye mchongoko, pale kichwa kinapoanza kuwa chembamba. Mmoja wenu alinishauri ninunue kompareta, kile kipande kinachofungwa kwenye kalipa (kifaa cha kupimia urefu) kikagusa mchongoko huohuo. Nimepima upya risasi 20: tofauti kubwa kabisa ni milimita 0.05! Nimefurahi mno, maana nilishaanza kuogopa kuzifyatua.

Kipimo cha nchani bado nakichukua. Ukomo wa .30-06 ni milimita 84.84, na ikizidi inaweza kukwama kwenye magazini. Pia kichwa kikigusa mwanzo wa mifereji ya mtutu, presha hupanda. Hilo nalichunga sana.

Asante sana, mkuu uliyenielekeza.