Gunia ya Nakuru si gunia ya Kisumu, hizi sistimu nitaziunganisha aje?

mtu_wa_stoo: Wadau habari zenu, nimekwama. Tunauza nafaka kwa jumla hapa Nakuru na tuna tawi Kisumu, huku tuko na programu yetu ya stoki, Kisumu wana yao waliyokuwa nayo tangu zamani, na mhasibu ana ya tatu. Bosi akataka ripoti moja. Nikavuta kila kitu kwa Excel nikajumlisha, ikatoka stoki ambayo hata stoo yetu haiwezi kutosha! Kumbe huku gunia ni mahindi kilo 90, Kisumu wakisema gunia ni mchele wa Ahero kilo 50. Gunia 60 zao zikahesabiwa kama zetu, yaani tani 2.4 za hewa, na bosi ashaanza kumwahidi mnunuzi. Sasa kuna kijana ameniambia dawa ni "ontolojia". Ndio nini hiyo na inaliwa na nini?

kondele_data: Jina ndilo kubwa bana. Ni makubaliano yaliyoandikwa vile mashine inaweza kusoma, kitu gani kinaitwaje, ni aina ya nini, kinahusiana na nini. Watu wa kompyuta hupenda kurudia maelezo ya mtafiti Tom Gruber ya 1993, halafu 2004 W3C, wale wa viwango vya wavuti, wakatoa OWL, lugha ya kuyaandikia. Kwako anza hapa: gunia SI kipimo, ni kifungashio. Kipimo ni kilo. Kila kifungashio kina bidhaa yake na uzito wake. Kila tawi libaki na maneno yake, wewe unatafsiri tu kwenda kwa hayo makubaliano, ndio lugha ya kati.

mzee_wa_excel: Mnamzungusha tu huyu. Tengeneza jedwali, kushoto jina la Nakuru kulia la Kisumu, umemaliza kazi. Mi nimekaa kwa mradi wa ontolojia, miezi na miezi watu wanabishana "mteja" ni nani na chai inaisha.

kondele_data: @mzee_wa_excel sistimu 3 ni majedwali 3, sawa. Zikifika 8 ukiziunganisha mbili mbili ni 28, ukiwa na lugha ya kati ni 8 tu. Lakini hiyo ya mteja umesema ukweli mtupu, ndio kazi yenyewe. Kwa mhasibu mteja ni aliyeandikiwa invoisi, kwa stoo ni yule jamaa wa bodaboda alikuja kubeba. Pia usibuni kila kitu: vipimo chukua misimbo ya UN/CEFACT, wale wa UN wa viwango vya biashara, kilo ni KGM, na bidhaa za paketi zina GTIN, ile namba ya bidhaa pale kwa bakodi. Mambo ya bei na mauzo angalia schema.org, msamiati wa pamoja wa data za wavuti, ilichukua GoodRelations, ontolojia ya biashara, tangu 2012.

wa_njoro: Na gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, mtaiweka wapi 😂 kilo 2 kwa karatasi, lakini sokoni kitako kimebonyezwa ndani. Ontolojia itaona hiyo?

kondele_data: Haitaona. Hapo ni mizani tu.

mtu_wa_stoo: Asanteni. Nimeanza na orodha ya vifungashio, OWL itangoja. Nimepigia Kisumu simu nikauliza debe kwao ni kilo ngapi, wakaniuliza, debe ya nani?